USBasp, Arduino, PICkit ama ST-Link: ununue gani ya kuflashi chip ikiwa bado iko kwa bodi?

Watu wengi upande wetu huu, kuanzia wanafunzi wa projekti Kakamega na Njoro hadi mafundi wa Kondele na Kibuye hapa Kisumu wanaotengeneza inkubeta na kontrola za pampu, hukwama mahali pamoja. Chip imesoldwa kwa bodi, programu iko kwa laptopu na inafaa kuingizwa kwa chip (hio ndio kuflashi), na bodi haina mahali pa kuchomeka USB. Mtu anaenda duka la elektroniki anaonyeshwa kitu kidogo cha bei ya chini na kingine cha maelfu, vyote vinaitwa programa, yaani kifaa cha kuingiza programu kwa chip, na muuzaji anamsukumia chenye kiko kwa shelfu siku hio. Nataka tuviweke kando kwa kando tuone kila moja inafaa nani, juu pesa ya fundi ni ya kuhesabu na hakuna haja ya kununua vitatu ndio ufike kwa kile ulikuwa unahitaji tangu mwanzo.

Kabla ya bei na kabla ya kitu kingine chochote, soma maandishi juu ya chip. Washa tochi ya simu, piga picha, vuta karibu. Ukiona ATmega ama ATtiny, hio ni AVR. Ukiona PIC na namba, hio ni PIC. Ukiona STM32 ama STM8, hizo ni za kampuni ya ST. Kila familia iko na njia yake ya kuingiziwa programu ikiwa kwa bodi, na waya ya moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine hata konekta ikiingia vizuri kabisa. Kuna watu wamesikia Microchip, wenye PIC, walinunua Atmel, wenye AVR, mwaka wa 2016, wakafikiria basi sai programa yoyote ya PIC itafanya AVR. Hapana. PICkit 4 na PICkit 5 zinafanya zote mbili, na hizo ni za bei ya juu sana kwa mtu wa bodi chache. PICkit 2 na 3 zenye utapata kwa bei ya kawaida ni za PIC.

Sasa tuanze na AVR, manake kusema ukweli hapo ndio wengi wetu tuko, na ATmega328P ndio chip yenyewe, ile iko ndani ya Arduino Uno na Nano.

Ukiwa na AVR kuna njia mbili za bei nafuu: utumie Arduino Uno yenye uko nayo kama programa, ama ununue USBasp. Zote mbili zinaingia kwa chip kupitia waya zile zile sita, njia inayoitwa ICSP. MISO na MOSI za data, SCK ya mapigo ya kuongoza data, RESET ya kuanzisha chip upya, halafu umeme na graundi. Kwa ATmega328P ya miguu 28, RESET ni mguu wa 1, MOSI ni wa 17, MISO wa 18, SCK wa 19. Konekta ya pini sita imepangwa hivi, ukiiangalia kutoka juu na pini ya 1 ikiwa na alama:

1 MISO, 2 umeme
3 SCK, 4 MOSI
5 RESET, 6 graundi

Ya pini kumi ni tofauti: MOSI ni 1, umeme 2, RESET 5, SCK 7, MISO 9, graundi ni 4, 6, 8 na 10, na ya 3 haitumiki sana. USBasp nyingi zinakuja na waya ya pini kumi na bodi zetu nyingi ziko na sita, kwa hivyo ukinunua USBasp itisha na ile adapta ndogo ya kumi kwa sita hapo hapo, usitoke duka bila hio, juu ukirudi Busia ama Siaya ndio ugundue haiingii utaanza kuungaunga na waya za jampa na hapo ndio MISO na MOSI hubadilishana.

Arduino kama programa faida yake ya kwanza ni kwamba pengine tayari uko nayo. Unafungua mfano wa ArduinoISP ulio ndani ya programu ya Arduino, unaupakia kwa Uno, unaunga pini 10 kwa RESET ya chip yako, 11 kwa MOSI, 12 kwa MISO, 13 kwa SCK, 5V na graundi. Halafu unaweka kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya RESET na graundi ya hio Uno inayotumika kama programa, upande wa hasi kwa graundi, na unaiweka baada ya kupakia ArduinoISP, sio kabla. Kazi ya hio kapasita ni kuzuia Uno isijiresheti kila mara kompyuta ikifungua poti, manake ikijiresheti inaingia kwa butiloda yake yenyewe (programu ndogo ya ndani inayopokea programu mpya kutoka kwa kompyuta) na inaanza kujibu kwa niaba ya chip yenye hata haijaguswa. Hapo ndio unaona mtu anasema amemaliza kuflashi, kila kitu kimeandika sawa, na bodi yake haifanyi chochote.

Faida ya pili ya Arduino ni kitu wengi hawajui na naipenda sana. AVR inahitaji SCK iwe chini ya robo ya kasi ya chip yenyewe. ATmega328P mpya kutoka kiwandani inakimbia kwa megahezi 1, sio 16, juu imewekwa itumie kloki (mapigo yanayoendesha chip) ya ndani ya megahezi 8 iliyogawanywa kwa nane. Robo ya megahezi 1 ni kilohezi 250. ArduinoISP kwa kawaida inaenda karibu kilohezi 166, kwa hivyo inaongea na chip mpya bila shida. USBasp kwa kawaida inaenda kilohezi 375, na hapo chip mpya haisikii kitu, unapata ule ujumbe wa "target doesn't answer", mtu anasema chip imekufa anairudisha duka, na chip ni nzima kabisa.

Hasara ya Arduino ni kasi na usumbufu. Inaongea na kompyuta kwa baudi 19200, kwa hivyo programu yenye imejaza kilobaiti 32 zote inachukua zaidi ya nusu dakika ukihesabu kuandika na kusoma tena kuhakikisha. Kwa bodi moja hio si kitu. Kwa bodi ishirini za oda ya mteja, na waya za jampa zinachomoka kila ukisogeza mkono, utachoka na utaanza kukosea. Tena Uno yako inakuwa imeshikwa, huwezi kuitumia kwa kazi nyingine bila kuipakia upya.

USBasp ni kadude kadogo kalichotengenezwa na Thomas Fischl na michoro yake iko wazi kwa kila mtu, ndio maana kuna za viwanda vingi sana na bei iko chini. Inachomekwa USB, inatoa waya yake, basi. Ni haraka, haitaki kapasita wala kupakia mfano wa kitu, na unaweza kuiacha kwa droo miaka na siku ukiitoa inafanya. Ile shida ya chip mpya inatatuliwa kwa kupunguza kasi kwa amri ya avrdude, programu ya kompyuta ya kuflashi AVR:

avrdude -c usbasp -p m328p -B 10

Ukiona imejibu na saini 0x1e950f, hapo umefika, hio ndio saini ya ATmega328P. Ukiona 0x1e9514, uko na ATmega328 bila P, na hio unaiambia avrdude m328 badala ya m328p, si chip bandia wala si waya mbovu.

Lakini USBasp za bei ya chini kabisa ziko na mambo mawili lazima ujue kabla ununue. La kwanza, zingine ziko na programu ya zamani ndani na haziwezi kubadilisha kasi kwa amri, avrdude inakuambia imeshindwa kuweka sck, na wengi huona hilo onyo wakaogopa. Kama chip inajibu, endelea na kazi, halina madhara. Kama haijibu, tafuta mahali pameandikwa JP3 kwa bodi ya USBasp, unganisha hizo pini mbili, saa zingine ni mashimo mawili tu hayana pini, na itaenda polepole. La pili, kuna zingine zinafanana kabisa kwa nje lakini ndani zimewekewa programu ya mtengenezaji mwingine, na avrdude haizioni hata ukiweka draiva gani. Hizo zinarekebishwa kwa kuunganisha JP2 na kuiflashi USBasp yenyewe upya, na unaiflashi na nini? Na ile Arduino kama programa. Kwa hivyo hata ukinunua USBasp usiitupe Uno.

Kwa Windows utahitaji Zadig ya kuweka draiva, kwa Linux utahitaji kuruhusu kifaa kwa sheria za udev ama utumie sudo. Hio inafanywa mara moja inaisha.

Kingine cha USBasp ni ile jampa ya kuchagua volti 5 ama 3.3. Watu wanaweka 3.3 halafu wanaamini bodi yenye ina kadi ya SD ama redio ya nRF24L01 iko salama. Kwa nyingi za bei rahisi hio jampa inabadilisha umeme unaopelekwa kwa bodi peke yake, waya za data zinabaki karibu volti 5. Kama bodi yako ni ya 3.3 na kuna vitu haviwezi kuvumilia 5, pima na mita kwanza ama tumia kibadilisha volti katikati.

Kati ya hizo mbili, ushauri wangu ni huu, mwanafunzi wa bodi moja ya projekti tumia Arduino yako na hio pesa nunua vitu vingine, lakini mtu yeyote anayeuza bodi ama kurekebisha bodi za watu anunue USBasp, hata ya kwanza anayoweza kumudu.

Halafu kuna wale wanauliza, kwani nikiweka butiloda si nitakuwa naflashi kupitia USB-TTL ya CH340 (adapta ya USB kwenda serial) tu, niachane na haya mambo ya pini sita? Unaweza, na kwa bodi yenye bado unaiandikia programu kila siku hio ni raha zaidi, juu waya hio hio inakuonyesha na ujumbe wa serial. Optiboot, butiloda ya Uno, inachukua baiti 512 peke yake, hio si hasara. Hasara ziko mahali pengine. Butiloda yenyewe lazima iingie kwanza, na inaingia kupitia zile pini sita, kwa hivyo hujazikwepa. Pia bodi ikiwaka butiloda inasubiri kidogo kabla ianze kazi yako. Na kama umeunga moduli ya GSM kwa pini 0 na 1, kama wengi wanavyofanya kwa kontrola za pampu za kuwashwa na SMS, hio moduli na USB-TTL zinagongana kwa laini moja na upakiaji unakataa hadi uchomoe moduli. Kupitia ICSP hilo halikupati. Lakini ukiflashi kwa ICSP, butiloda inafutwa, kwa hivyo usichanganye: kwa bodi moja chagua njia moja ukae nayo. Mimi bodi ya majaribio naiwekea butiloda, bodi ya kwenda kwa mteja haina butiloda kabisa.

Sasa fyuzi, na hapa niwaombe watu wawe makini sana, haijalishi umetumia Arduino ama USBasp. Hizi ni mipangilio ndani ya chip inayoiambia itumie kloki gani na mguu wa RESET ufanye kazi gani. Ukiiambia ATmega itumie kristali ya nje na bodi yako haina kristali, chip itanyamaza. Haijafa, ukiipatia kloki kwa mguu wa 9 kutoka kwa Arduino nyingine itajibu na utarudisha. Lakini ukizima RESET kwa ile fyuzi ya RSTDISBL, watu hufanya hivyo kwa ATtiny85 juu wanataka mguu mmoja zaidi, basi ICSP imekwisha kabisa, si Arduino si USBasp itaingia tena, hadi upate programa ya volti 12. Usiguse hio fyuzi. Kama miguu haitoshi nunua chip kubwa. Kwa ATmega328P ya kloki ya ndani ya megahezi 8, fyuzi ya chini ni 0xE2, ya kiwandani ni 0x62, na ya Uno yenye kristali ya 16 ni 0xFF. Hizo tatu zinatosha kazi nyingi.

Niseme haraka kuhusu AVR mpya kama ATtiny1614 na ATmega4809. Hizo hazitumii zile pini sita, zinatumia waya moja ya UPDI, na USBasp ya kawaida haiziwezi. Habari njema ni kwamba adapta ya USB-TTL na rezista ya kilo ohm 1 inatosha. Kwa hivyo kama bado unachora bodi yako ya kwanza na hujaamua chip, hilo ni la kufikiria, konekta inakuwa pini tatu tu.

PIC. Hizi ziko kwa bodi nyingi za zamani na kwa projekti nyingi za chuo, hasa PIC16F877A na 16F628A. Hapa hakuna mashindano makubwa, unahitaji PICkit. Konekta yake ni pini sita kwa mstari mmoja: 1 ni MCLR (resheti ya PIC), 2 umeme, 3 graundi, 4 PGD (data), 5 PGC (kloki), na 6 haitumiki mara nyingi. Kwa 16F877A, MCLR ni mguu wa 1, PGD ni wa 40, PGC ni wa 39. Konekta ya mstari mmoja inaingia hata ukiigeuza, kwa hivyo weka alama ya pini 1 kwa bodi na rangi ya kucha ama kalamu, kitu kisichofutika.

Tofauti kubwa na AVR ni kwamba PICkit ikiflashi hizi PIC za zamani inapeleka karibu volti 13 kwa MCLR. Kumi na tatu, kwa bodi ya volti 5. Kama mchoraji wa bodi aliunga MCLR moja kwa moja na RESET ya chip nyingine, ama alivuta MCLR juu kwa waya tupu badala ya rezista, hio volti itatembea hadi mahali haikualikwa. Kabla uchomeke fuata ile laini ya MCLR na macho uone inaenda wapi. Inafaa kuwe na rezista ya kilo 10 kwenda kwa umeme, na diodi kama kuna kitu kingine kimeungwa hapo. Na laini za PGD na PGC zisiwe na kapasita, hata ndogo, juu zinakula kona za ishara na utapata makosa ya kuhakikisha yanayokuja na kwenda.

PICkit 2, 3, ama mpya? PICkit 2 iko na programu yake ndogo nyepesi inayofungua hata kwa laptopu mzee, na kwa 877A na 628A haina makosa. PICkit 3 inajua chip nyingi zaidi lakini inataka MPLAB, programu ya kompyuta ya Microchip, ambayo ni nzito, na matoleo mapya ya MPLAB X yameshaiacha nyuma, kwa hivyo ukiichagua tafuta toleo la zamani kidogo ulihifadhi kwa flashi diski manake kudownload tena kwa bando ni gharama. PICkit 3 pia inatoa miliamp 30 tu kwa bodi, haitoshi hata taa chache na skrini, kwa hivyo bodi iwe na umeme wake. Kwa fundi wa hapa wa kurekebisha bodi za zamani ningesema PICkit 2 ama klon (nakala ya kiwanda kingine) yake, na kwa mtu anaanza bidhaa mpya na PIC mpya, akusanye pesa anunue 4 ama 5 mara moja.

Kitu kimoja PICkit iko nacho na USBasp haina, na kwa watu wa kutembea mashambani ni kikubwa: unaweza kuweka programu ndani ya PICkit yenyewe, uache laptopu nyumbani, ufike kwa mteja ubonyeze kitufe. 2 inafanya, 3 inafanya. Kama kazi yako ni kuzunguka Bungoma na Trans Nzoia na pikipiki ukisasisha kontrola, hio peke yake inaweza kukufanya uchague PIC kwa bidhaa yako ijayo.

ST-Link sitakaa sana. Klon ya ST-Link V2 ni ya bei ya chini na inafanya STM32 kupitia waya nne, SWDIO, SWCLK, graundi na 3.3, na inafanya STM8 kupitia SWIM, laini ya kuflashi ya STM8. Soma mpangilio wa pini kwenye ganda la ile uko nayo mkononi, usifuate picha ya intaneti, juu klon tofauti zimepangwa tofauti. Sababu ya kuitaja ni W1209, ile bodi ndogo ya joto yenye namba nyekundu ambayo iko kwa inkubeta nyingi za huku. Nyingi za W1209 ziko na STM8S003F3 ndani na mashimo ya programu yako hapo pembeni tayari. Watu wanaona hivyo wanataka kusoma programu ya kiwanda wainakili. Imefungwa, na ukiifungua inafutika. Kwa hivyo ukiamua kuingia hapo uwe tayari umeandika programu yako ama umepata ile iliyoandikwa na watu ikaachwa wazi kwa kila mtu. Na zingine mpya haziko na STM8 kabisa, ziko na chip ya Nuvoton, kwa hivyo tena narudi palepale, tochi na maandishi ya chip kwanza.

Kuhusu zile programa kubwa zenye soketi ya kubana chip, kama TL866II Plus: ni nzuri kama chip yako ni ya miguu ya kuchomoa na iko kwa soketi, ama unaflashi chip nyingi kabla ya kusolda. Kwa chip ndogo ya kusoldwa juu ya bodi hio soketi haikusaidii, hutachomoa miguu 32 ya TQFP kwa kila sasisho.

Jambo la usalama ambalo nataka kila mtu asome hata akiruka mengine yote. Kontrola nyingi za bei rahisi za stima, za inkubeta, za taa za ulinzi, za feni, hazina transfoma. Zinashusha volti 240 kwa kapasita na diodi peke yake, na graundi ya chip iko imeungwa na laini ya stima moja kwa moja. Ukichomeka USBasp kwa bodi kama hio ikiwa bado iko kwa soketi, umeunganisha stima ya ukutani na laptopu yako, na mkono wako uko juu ya laptopu. Hio inaua mtu. Chomoa bodi kutoka kwa stima kabisa, usizime tu swichi, subiri kapasita ziishe, pima na mita, halafu iflashi ikipata umeme wa volti 5 kutoka kwa programa peke yake. Huwezi jua kama ina transfoma ama haina? Ihesabu kama haina.

Na hata bodi ya betri ama sola, usiipe umeme kutoka pande mbili. Kama bodi imewashwa na yake, toa waya ya umeme ya programa ubaki na graundi na data, na kinyume chake. Ikiwa bodi iko na SIM800L, moduli ya GSM, hio moduli inavuta hadi amp 2 kwa mpigo ikitafuta mtandao, USB haiwezi, volti itaanguka katikati ya kuandika na utapata makosa ya ajabu. Ichomoe kwanza.

Kuna bodi zinakataa kuflashiwa hata ukifanya yote sawa, na mara nyingi sababu iko kwa vitu vilivyoungwa kwenye MOSI, MISO na SCK. Mchoraji alihitaji pini tatu zaidi akaweka rilei kwa pini 11 ya Arduino, ama taa yenye rezista ndogo kwa 13. Programa inavuta laini juu, taa inaivuta chini, na rilei inagongagonga wakati wa kuflashi. Fikiria hio rilei inawasha pampu ya maji Ahero wakati wewe unasasisha programu. Kama wewe ndio unachora bodi, weka vitu vya kusukuma mzigo kwa pini zingine, na kama huna budi weka rezista kati ya laini ya programa na huo mzigo. Kama kuna kadi ya SD ama redio kwa laini hizo hizo, weka rezista ya kilo 10 kuvuta CS yake (pini ya kuichagua) juu ili inyamaze wakati chip yako iko kwa RESET. Hio rezista moja inakuokolea mchana mzima wa kutafuta shida.

Na tafadhali, acha konekta kwa bodi. Naona bodi nzuri sana za vijana wa hapa Kisumu, zimechorwa safi, zimeagizwa zikafika, na hakuna mahali pa kuingiza programu baada ya kusolda. Si lazima uweke pini za plastiki, padi sita za shaba zinatosha, halafu unanunua klipu ya pini za springi ya nafasi ya milimita 2.54, unaibana, unaflashi, unaachilia. Haiongezi gharama ya bodi hata shilingi, na vumbi haliingii mahali juu hakuna tundu. Kwa oda za bodi nyingi, klipu na USBasp ni mchanganyiko ambao sijaona wa kuushinda kwa hio bei.

Mwisho ni la mteja. Inkubeta ya mtu Siaya imekaa na mipangilio yake, joto amelirekebisha mwenyewe, siku za kugeuza mayai zimehesabiwa, na vyote viko kwa EEPROM, kumbukumbu ya chip inayobaki hata umeme ukipotea. Ukiflashi kwa butiloda EEPROM haiguswi. Ukiflashi kwa ICSP, chip inafutwa yote kwanza na EEPROM inaenda nayo, isipokuwa uwe umewasha fyuzi ya EESAVE. Kwa ATmega328P yenye fyuzi ya juu ni 0xD9, kuwasha EESAVE inakuwa 0xD1. Fanya hivyo tangu bodi iko mezani kwako. Na kwa bodi yenye tayari iko kwa mteja bila EESAVE, soma EEPROM uihifadhi kwanza:

avrdude -c usbasp -p m328p -U eeprom:r:mteja.hex:i

Flashi programu mpya, rudisha hilo faili kwa amri hio hio ukibadilisha r kuwa w, chomoa programa, rudisha bodi kwa umeme wake, na uangalie kama skrini inaonyesha 37.5 ama joto lingine lolote mwenyewe alikuwa ameweka, kabla hujafunga kifuniko.